Narudi kwenye pikipiki, safari hii kubwa, baada ya miaka 17: V-Max 1200, XJR1300 au Bandit 1250?

Kirumba_Kwetu

Habari za jioni wakuu.

Nina miaka 51, naishi Kirumba, Mwanza. Ujana wangu nimeumalizia juu ya Honda XL 125 ya kazini: Magu, Misungwi, Kwimba, kiangazi vumbi na masika tope. Mwaka 2008 nikaacha. Watoto walikuwa wadogo, gari likanunuliwa, pikipiki ikabaki kuwa ya kutazama barabarani. Mwaka huu kitinda mimba kamaliza chuo, na mimi moyo umerudi kulekule.

Safari hii sitaki ya porini. Nataka injini kubwa iliyo wazi, hakuna makava ya plastiki, ile ukifungua mafuta kidogo tu mikono inavutwa. Nimezitafuta miezi mitatu, zimebaki tatu, na bei zake hazipishani sana:

Yamaha V-Max 1200 ya 1996, iko Dar.
Yamaha XJR1300 ya 2008, iko hapahapa Mwanza, mwenyewe anahama.
Suzuki Bandit 1250 ya 2009, ya kuagiza Japani.

Nisiwafiche, moyo uko kwenye V-Max. Niliiona moja Nairobi mwaka 1999, imeegeshwa nje ya hoteli, sijaisahau mpaka leo. Kimo changu ni sentimita 168, uzito kilo 70. Naombeni ushauri kwa waliowahi kuzimiliki au kuzifungua. Nawasilisha.

Fundi_Igoma

Karibu tena barabarani kaka. V-Max nimeifungua mara mbili, ngoja nikueleze ninachokijua.

Injini yake ni V4 ya cc 1198, ilianza kutoka mwaka 1985 na umbo lile likaendelea mpaka 2007. Ina kabureta nne. Kilichoipa jina ni V-Boost: kati ya njia za hewa kuna vilango, na injini ikifika mizunguko kama 6,000 kwa dakika vinaanza kufunguka, kwenye 8,000 vimefunguka vyote, hapo kila silinda inavuta kutoka kabureta mbili badala ya moja. Ndipo zinapatikana zile nguvu za farasi 145 zinazosifiwa. Ukiwa juu yake unakuwa kama uliyesukumwa mgongoni mara ya pili wakati ya kwanza haijaisha.

Sasa uliza hiyo ya Dar ilitoka wapi. V-Max zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zilitolewa bila V-Boost, nguvu zikashushwa mpaka karibu farasi 97. Kwa nje zinafanana. Watu wengi wananunua hadithi ya farasi 145 wakati kilichomo ndani ni kingine. Kama ni hiyo ya farasi 97, basi unabeba uzito wa V-Max na kupata nguvu za XJR.

Na uzito wenyewe unazidi kilo 260 kabla hujaweka tone la petroli. Fremu ni ya mawazo ya miaka ya themanini, shokapu za mbele nyembamba. Kuanzia 1993 waliweka shokapu nene zaidi na breki bora, kwa hiyo ya 1996 iko upande mzuri. Hata hivyo ukiiingiza kwenye kona ndefu kwa spidi inayumbayumba, kila anayeijua atakwambia hivyo.

Lakini kitakachokutesa Mwanza ni tairi. Ya nyuma ni 150/90 ya rimu 15. Zunguka mji mzima, nenda mpaka Dar, uniambie umeipata wapi. XJR na Bandit zote nyuma ni 180/55 ya rimu 17, saizi ya pikipiki kubwa nyingi duniani, hiyo hata ukiagiza inafika.

Jirani_Kisumu

Hapa kwetu kuna jamaa ana V-Max na anaipenda kama mtoto. Fundi asisahau kusema kwamba haina cheni, ni shafti. Kwa vumbi la barabara zetu za kando ya ziwa hilo ni jambo kubwa, maana mwenye cheni kila baada ya kilomita mia kadhaa yuko chini na brashi na oili. Tena tanki liko chini ya siti, kwa hiyo siti iko chini na miguu inafika. Kwa mtu wa sentimita 168 naona inamfaa.

Fundi_Igoma

Kweli kabisa jirani, shafti ni raha, na miguu itafika. Ila tanki hilo ni lita 15 tu na injini ina kiu.

Dada_wa_Nyegezi

Kaka Kirumba_Kwetu, shikamoo. Mimi nina Bandit 1250 mwaka wa tatu huu. Nilikaa miaka tisa bila kupanda kwa sababu ya uzazi, ndiyo nikarudi nayo, kwa hiyo naongea kama mtu aliyepita ulipo wewe.

Nikueleze siku yangu ya nne. Natoka Nyegezi nakwenda mjini, nimefika Mkuyuni, foleni imesimama. Nilikuwa nakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Bodaboda akakata mbele yangu, nikabana breki ya mbele huku usukani umekunja kidogo kulia. Ni hivyo tu. Pikipiki ikaanza kulala kulia polepole, nikaweka mguu, mguu ukakanyaga mchanga uliomwagika kutoka kwenye lori, ukateleza. Kilo 250 zikashuka na mimi. Hakukuwa na spidi yoyote. Nilivunja mkono wa breki na kifundo cha mguu kikavimba wiki mbili. Vijana watatu ndio walioinyanyua.

Kichwani nilikuwa najua kuendesha, lakini nilichokuwa najua ni XL na DT, pikipiki ambazo zikiinama unazirudisha kwa paja. Hizi kubwa zikipita pale zinapoinamia, hakuna paja litakalozirudisha. Kwa hiyo usiulize ipi ina nguvu, zote tatu zina nguvu kuliko utakazotumia Tanzania hii yenye matuta na tochi za trafiki. Uliza ipi utaiweza kwenye foleni ya Mabatini, na kwenye geti la nyumbani lenye mteremko.

Na hapo kwenye mteremko: hazina rivasi. Nyumba za milimani kama Isamilo au Capri Point, ukiegesha pua ikitazama chini huwezi kuirudisha nyuma peke yako. Mimi nageuza kwanza ndiyo nazima.

Bandit yenyewe sijutii. Ni ya kupozwa na maji, haina kabureta, gia sita, na nguvu ya kuvuta inakuja chini kabisa, kwenye mizunguko 3,700 tayari imefika kileleni. Ukiwa gia ya tano unapita lori bila kugusa klachi. Siti inaweza kushushwa sentimita mbili. Kasoro yake kwangu ni sura, haina ule mvuto wa V-Max, nakubali.

Kirumba_Kwetu

Marahaba dada, na pole sana kwa kifundo. Habari ya kilo 250 kulala kwenye mwendo wa kutembea sikuwa nimeifikiria hata kidogo, nilikuwa nafikiria spidi tu. Geti langu lina mteremko na kokoto juu yake.

XJR je? Naona imesemwa kidogo.

Mzee_wa_Busisi

Nina XJR1300, ya 2003, ya kabureta. Nilikuwa nayo enzi za kivuko cha Kigongo–Busisi na ninayo sasa tangu daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025. Zamani nilikuwa nafika Kigongo nazima, nashuka, nasubiri kivuko na injini inapoa. Siku hizi zile kilomita 3 juu ya maji nazipita bila kusimama, na hapo ndipo nimeijua pikipiki yangu vizuri zaidi. Upepo wa ziwa unakuja ubavuni. Pikipiki nyepesi inasogezwa, hii inatulia.

Ni injini ya cc 1251, silinda nne kwa safu, ya kupozwa na hewa. Hakuna rejeta, hakuna maji, hakuna feni. Ya kwako ya 2008 ni bora kuliko yangu kwa sababu kuanzia 2007 waliondoa kabureta wakaweka sindano za kupuliza mafuta. Kabureta za pikipiki iliyokaa ni mateso, petroli ikikaukia ndani inageuka gundi, vijitundu vya jeti vinaziba, silinda moja inakataa na nyingine zinakubali. Na huku ziwani tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani ikija huku inakula mafuta kupita kiasi na plagi zinakuwa nyeusi. Ya sindano inajipanga yenyewe.

Tanki ni lita 21. Natoka Mwanza mpaka Musoma kwa tanki moja bila kutazama geji kwa hofu. Mwenye V-Max akifika Bunda anatafuta kituo.

Ubaya wake: kwenye foleni ya jua la saa nane injini ya hewa inachemka na joto linapanda mapajani. Mimi foleni ikizidi dakika chache nazima. Cheni pia, kama alivyosema jirani, inataka mkono wako kila wiki.

Jambo jingine dogo. Jioni wale vijidudu wa ziwani wakitoka kwa wingi, pikipiki isiyo na kioo cha mbele inakufanya wewe ndiye kioo. Siku moja karibu na Busisi visa ya helmeti, kile kioo cha usoni, ilifunikwa kwa sekunde chache, nikaifuta kwa glavu, ikawa mbaya zaidi, kama uji umepakwa. Nikapunguza mwendo nikitazama mstari mweupe wa pembeni mpaka nikapata pa kusimama. Tangu hapo nabeba kitambaa kibichi kwenye mfuko wa nailoni, na jioni ya wadudu sipiti.

Jirani_Kisumu

Hao wadudu tunao pia. Mzee amenishawishi, narudisha kura yangu nusu.

Mtu_wa_Igogo

Mkuu, umeangalia leseni yako? A1 ni ya zile ndogo zisizofika cc 125. Kwa dude la cc 1200 unatakiwa uwe na daraja A. Na ukinunua, namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ya usukani isomwe kwa macho yako na ilingane na kadi tarakimu kwa tarakimu, namba ya injini vilevile. Mimi niliuziwa na dalali kadi safi ya pikipiki nyingine. Hela haikurudi.

Fundi_Igoma

Pole sana kaka. Basi Kirumba_Kwetu, ukienda kuiona XJR nenda asubuhi na umwambie asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, ameipasha makusudi kwa kuwa haiwaki ikiwa baridi, uliza kwa nini.

Ikiwaka, sikiliza dakika tano nzima, usiongee na mtu. Chukua mita ya umeme uweke kwenye betri, ukipandisha mizunguko isome karibu volti 14. Ikibaki 12 chaji haiingii. Nyanyua gurudumu la mbele, pindisha usukani polepole kushoto na kulia, ukisikia kama unashika katikati, beringi za shingo zimekwisha. Vuta cheni kwenye sproketi ya nyuma, ikiachia nafasi meno yakaonekana, hesabu cheni na sproketi kwenye bei. Diski za breki unene wa mwisho umechongwa kwenye diski yenyewe. Mipira ya breki, kama ni ile ya siku ya kwanza kiwandani, badilisha bila kubishana na mtu, inavimba ndani na breki inakuwa laini kama sifongo.

Tairi usitazame kashata, yaani ile mikato ya juu, peke yake. Soma ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya zamani inaweza kuwa na kashata nzuri na raba imekauka kama kwato, ikinyesha kidogo tu haishiki.

Halafu, dada kasema kweli, kabla ya yote isukume. Injini imezimwa, wewe pembeni yake, isukume mbele hatua kumi, irudishe nyuma hatua kumi, igeuze. Ikikushinda hapo, hiyo siyo yako hata kama wanakupa bure.

Dada_wa_Nyegezi

Na wiki mbili za kwanza usiingie barabara kuu. Nenda viwanja vya Furahisha mapema kabla watu hawajajaa, weka chupa za maji chini, zunguka namba nane kwa gia ya kwanza, mguu kwenye breki ya nyuma, macho yatazame unakotaka kwenda na siyo chupa. Mimi nilikwenda asubuhi sita. Siku ya sita ndipo mabega yalipolegea. Jaketi la ngozi nilipata Mlango Mmoja, la mtumba, zito kweli, lakini helmeti nunua mpya.

Kirumba_Kwetu

Wakuu, nimerudi.

Jana saa moja asubuhi nilikuwa kwa mwenye XJR, Buzuruga. Nimeweka kiganja, injini baridi kama jiwe la ziwani. Imewaka mara ya kwanza, ikanguruma juu kidogo, kisha ikashuka ikatulia. Nilisimama pale dakika tano kama nilivyoambiwa, mwenyewe akawa ananishangaa. Volti 14.1. Namba za fremu na injini zinalingana na kadi, nimezisoma mara mbili kwa tochi ya simu.

Tairi ya mbele 1219, ya nyuma 3416. Ya nyuma ina kashata kibao, lakini nilipobonyeza kwa ukucha haikuachia alama. Nimemwonyesha mwenyewe tarakimu, hakuwa anajua maana yake, akakubali kupunguza bei kiasi cha tairi zote mbili. Shokapu ya mbele kushoto ina mstari wa oili unaong'aa, nikipitisha kidole unarudi.

Nimeisukuma. Mbele hatua kumi, sawa. Kuirudisha nyuma kwenye kokoto zake ilinitoa jasho, mara ya kwanza ikaniinamia nikapata hofu, ya pili nikaegemeza kiuno kwenye siti kama ambavyo tulikuwa tunafanya na XL zilizobeba mzigo, ikakubali. V-Max ina kilo zaidi ya hizo. Nimempigia yule wa Dar nikamshukuru, nikamwambia atafute mteja mwingine. Iliniuma, sitasema uongo.

Naichukua Ijumaa. Fundi, sili za shokapu ninunue ya kushoto tu au zote mbili?

Fundi_Igoma

Zote mbili, na oili ya pande zote ibadilishwe siku hiyohiyo. Usije ukiiendesha kwa tairi ile ya nyuma, ipakie kwenye kirikuu. Niko gereji kuanzia saa mbili.