Gumzo la ukoo: nywila tuziweke wapi?

Shangazi Mwanaidi: Hamjambo wanangu. Nina simu ya Android, iPad, na kompyuta ya kazini. Nywila zangu ziko kwenye daftari, na daftari siku zote liko mahali nisipokuwepo. Kuna programu za kuzitunza, nichukue ipi?

Juma: Shikamoo shangazi. Simu si inakuuliza "nihifadhi nywila?" Bonyeza ndiyo, kazi imekwisha.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Inaniuliza, naikatalia. Sijui inazipeleka wapi.

Rehema: Shikamoo shangazi. Inazipeleka kwenye akaunti yako ya Google. Si vibaya, na hata kwenye iPad utazipata ukiweka Chrome na kuiruhusu kwenye mipangilio. Ya Apple ndiyo itakukwamisha. Tangu iOS 18 ya mwaka 2024 wana programu kamili, inaitwa Passwords, nzuri tu, ila kwenye simu ya Android haipo.

Baba Mdogo Salim: Mnajisumbua. Mimi nywila moja kila mahali, miaka nenda miaka rudi. Nani kaniibia?

Rehema: Baba mdogo jamani 🙈 Mwizi hahitaji kukujua. LinkedIn ilidukuliwa 2012, na 2016 akaunti zaidi ya milioni 100 zikawa zinauzwa mtandaoni. Wakishapata barua pepe na nywila yako, kompyuta inazijaribu kwingine kote, yenyewe, usiku kucha. Ingia Have I Been Pwned, tovuti inayoonyesha kama umo kwenye data zilizovuja, uandike barua pepe yako. Barua pepe tu.

Baba Mdogo Salim: Ngoja.

Baba Mdogo Salim: Nimo. Tena kuna tovuti humu sikumbuki hata kujiunga.

Juma: 😂😂

Hamisi: Na hizo programu zenyewe je? LastPass si waliibiwa 2022?

Rehema: Waliibiwa, na swali lako ndilo la maana kuliko yote humu. Wezi waliondoka na nakala za makasha ya wateja, yaani mafaili yenye nywila zao zote. Nywila za ndani zilikuwa zimesimbwa, yaani zimegeuzwa mafumbo, lakini anwani za tovuti zilikuwa wazi, kwa hiyo walijua nani ana akaunti wapi. Sasa mwenye nywila kuu dhaifu, ile moja inayofungua kasha zima, yuko taabani: nakala iko mikononi mwao, wanabahatisha kwa raha zao, na hata akibadilisha nywila kuu leo, ile nakala bado inafunguka kwa ya zamani. Inabidi abadilishe zote za ndani, moja moja.

Shangazi Mwanaidi: Mbona unanitisha halafu unaniambia nitumie?

Rehema: Nakwambia uchague kwa kuangalia mambo mawili, shangazi. Moja, ifanye kazi kwenye vifaa vyako vyote bila kulipia kila kimoja. Pili, nywila kuu yako iwe ngumu kweli. Kwako naona Bitwarden. Ya bure haina kikomo cha nywila wala cha vifaa, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi kwa wote, wataalamu wa nje wanaukagua.

Hamisi: Mimi KeePassXC kwenye kompyuta, KeePassDX kwenye simu. Zote mbili zinafungua faili moja la nywila, na faili ni langu, halikai kwa mtu.

Juma: Na kulihamisha kutoka hapa kwenda pale ni kazi yako pia. Ukibadilisha huku na kule kwa wakati mmoja, jiandae kusuluhisha ugomvi wa nakala mbili zisizofanana.

Hamisi: Sikatai. Simpendekezei shangazi.

Rehema: 1Password ni ya kulipia, ila ina jambo moja zuri: kifaa chako kinatengeneza ufunguo mrefu unaoungana na nywila kuu. Anayeiba kasha kwenye seva hawezi kulifungua kwa kubahatisha nywila yako peke yake.

Shangazi Mwanaidi: Nianze na ya bure. Hiyo nywila kuu niweke mstari wa kaswida?

Rehema: Hapana, kinachojulikana na wengi kinabahatishika. Chukua kamusi, ifungue bila kuangalia, weka kidole. Fanya hivyo upate maneno matano. Usichague, neno lililokuja ndilo hilo hata kama baya. Kisha yaandike kwenye karatasi, yakae na hati zako muhimu, maana ukiyasahau Bitwarden wenyewe hawawezi kukufungulia.

Juma: Ukimaliza shangazi tuma hapa tuyakague 😇

Shangazi Mwanaidi: Unamtega nani wewe?

Baba Mdogo Salim: 🤣 Na kompyuta ya kazini dada aweke?

Rehema: Mimi nisingeweka. Ile si yake, ina wasimamizi wake. Asome nywila kwenye simu, aichape mwenyewe kwenye kompyuta. Inachosha kidogo, basi.

Shangazi Mwanaidi: Nimeshaiweka kwenye simu, nafungua kwa alama ya kidole. Inanijazia nywila yenyewe, ila kuna ukurasa haijazi kitu.

Rehema: Hapo simama kwanza. Programu inalinganisha anwani ya tovuti na ile uliyohifadhi. Wakati mwingine ukurasa umetengenezwa ovyo tu, wakati mwingine ni wa matapeli, umefanana na wenyewe isipokuwa herufi moja. Jicho linadanganyika, programu haidanganyiki kirahisi. Usinakili nywila ukabandika kwa nguvu, funga, uandike anwani mwenyewe.

Shangazi Mwanaidi: Kumbe nilifuata kiungo cha kwenye ujumbe. Nimefunga.

Baba Mdogo Salim: Mimi nianzie wapi? Zangu zote ni moja.

Rehema: Barua pepe kwanza, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya kila kitu kingine. Halafu benki. Zilizobaki utabadilisha kila unapoingia, hakuna haja ya kukesha. Na washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila unaombwa uthibitisho wa pili.

Hamisi: Mkihamisha nywila kutoka Chrome mtapata faili la CSV, orodha ya maandishi ya kawaida. Hilo halijafungwa, yeyote anasoma. Mkishaliingiza, lifuteni, na kwenye pipa la taka pia.

Baba Mdogo Salim: Kamusi nani anayo?

Shangazi Mwanaidi: Ninayo mimi. Njoo kesho, ila maneno yako utayatafuta mwenyewe nikiwa jikoni.