Mrejesho: picha za kina mama wakulima wa mwani, Paje, Zanzibar

Assalaam alaykum wadau. Niliuliza nifanyeje kina mama wa mwani wasigeuze nyuso wakiona kamera. Shukran sana. Ushauri wa kuifungia kamera na kubeba magunia kwanza ndio uliofanya kazi: bi mkubwa mmoja aliniita mwenyewe, nikapiga picha vidole vyake vikifunga mbegu (vipande vya mwani) kwenye kamba. Nilimpelekea picha zilizochapishwa. Sasa majirani zake nao wanadai zao!

Mwanga wa alfajiri umenishinda. Kina mama huingia shambani maji yakipwa, na maji ya bamvua (yale yanayojaa na kupwa sana) hupwa hasa kwenye saa nne, jua lishakuwa kali. Nimehamia nyeusi na nyeupe, baada ya mdau kunituma nikatazame picha za zamani za Capital Art Studio, Mji Mkongwe. Kwenye nyeusi na nyeupe vivuli vikali havisumbui. Nyuso za karibu bado zinanitoa jasho.