Kanda za WLS na KHJ zisizo na tarehe: nizitambueje?

Swali
Ndugu wakusanyaji, nimepata kanda sita za riili zenye matangazo ya redio ya Marekani ya enzi za rock and roll, nne za WLS ya Chicago na mbili za KHJ ya Los Angeles, lakini makasha yameandikwa jina la kituo tu. Katika kanda moja ya KHJ kila wimbo unakatika baada ya sekunde chache na mtangazaji anaingia tena, nami nahofu kwamba iliharibiwa. Je, niondoe matangazo ya biashara ili nibaki na muziki?

Jibu la kwanza
Haikuharibiwa, ndugu yangu. Vituo vingi vilikuwa na mashine iliyounganishwa na maikrofoni, ikirekodi pale tu mtangazaji alipoifungua, ili mkuu wa vipindi aweze kupima kazi ya saa tatu kwa dakika chache. Huenda basi kanda hiyo ilitoka ndani ya kituo chenyewe, na mimi ningeithamini kuliko zile tano nyingine. Matangazo ya biashara nakusihi usiyaguse: nyimbo zipo kwenye santuri, tena kwa sauti safi kuliko ile iliyopita katika masafa ya kati, ilhali taarifa ya habari ya saa ile, hali ya hewa na maneno ya mtangazaji aliyekuwa akishindana na mwanzo wa wimbo huenda hayakubaki popote isipokuwa hapo.

Jibu la pili
Kuhusu tarehe, tafuta orodha za nyimbo ambazo vituo vilichapisha kila wiki na kuzigawa kwenye maduka ya santuri. WLS ilianza kupiga rock and roll Mei 1960 na orodha yake ikaanza mwaka huohuo. KHJ ilianza yake, Boss 30, mwaka 1965, kwa hiyo kanda inayotaja jina hilo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Mtangazaji akisema wimbo umepanda hadi nafasi ya nane, linganisha na nyimbo mbili au tatu nyingine za saa hiyo, na mara nyingi utaifikia wiki yenyewe.

Jibu la tatu
Kabla ya yote hayo, inua kila riili mbele ya taa. Nuru ikipenya, kanda ni ya asetati, aina ya plastiki. Ikizuiwa, yaelekea ni ya poliesta, plastiki ya aina nyingine. Asetati yenye harufu ya siki, dalili kwamba inaoza, itenge na nyingine mara moja, wala usiipashe moto kamwe, kwa sababu tiba hiyo ni ya poliesta inayonata na asetati huiharibu. Nakili kila kanda nzima, bila kuchuja mvumo, kisha ufanyie kazi nakala.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Nuru imepenya katika kanda nne za WLS, na moja inanuka siki. Nimeshaitenga, na ndiyo nitakayoinakili kwanza.