Bima ya nyumba imepanda, benki imeongeza rejesho: naomba msaada wa kuielewa

Kutoka: Spring, Texas

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za wiki.

Mimi na mke wangu tulinunua nyumba huku Spring mwaka juzi. Rejesho la kila mwezi tulishalizoea. Juzi imekuja barua ya benki kwamba kuanzia mwezi ujao linapanda kwa dola 200. Riba yetu ni ile isiyobadilika, niliihakikisha mwenyewe siku ya kusaini. Nikapiga simu, nikaambiwa tatizo ni eskro: bima ya nyumba imetoka dola 2,400 kwa mwaka hadi 3,600. Hatujawahi kudai hata senti moja.

Nimeigawa nyongeza ya 1,200 kwa miezi 12, napata 100. Hiyo 100 nyingine imetoka wapi? Pia nimepata kampuni inayotaka 2,300 tu kwa mwaka. Nilitaka kuhamia jana ileile, mke wangu akasema tuulize kwanza hapa. Nyumbani baba alijenga tofali kwa tofali miaka kumi na mmoja, na neno bima sikuwahi kulisikia pale isipokuwa ya gari. Naombeni mnisaidie.

Kutoka: Katy, Texas

Marahaba, mdogo wangu. Mpe mkeo hongera, ameepusha makubwa.

Tuanze na hiyo 100. Eskro ni kama kibubu ambacho benki inakushikia. Kila mwezi inatia kidogo kutoka kwenye rejesho lako, na bima na kodi ya nyumba zikifika inalipa kwa niaba yako. Bima ya mwaka huu ilipokuja 3,600 benki ililipa yote, wakati kibubuni mlikuwa mmetia 2,400. Hiyo 1,200 iliyopelea mnadaiwa, wameigawa kwa miezi 12. Kwa hiyo 100 ni ya kuziba pengo la nyuma, na 100 ni ya kujiandaa na 3,600 ijayo. Mkiwa na akiba, ombeni kulipa ile 1,200 kwa mkupuo, rejesho litapanda 100 tu. Msipokuwa nayo, lipeni hivyo hivyo, pengo likishazibika rejesho litashuka, isipokuwa bima ikipanda tena.

Kupanda kwenyewe hakujatokana na kosa lenu. Texas inapigwa na mvua ya mawe, vimbunga, na ile baridi ya Februari 2021 iliyopasua mabomba jimbo zima. Mbao na mafundi vimepanda bei. Na kampuni za bima nazo hujikatia bima kwa kampuni kubwa za dunia, wale wakiongeza bei, inashuka hadi kwetu.

Sasa hiyo ya 2,300. Usisaini bado. Mwombe wakala akutumie ukurasa wa mbele wa mkataba, ule wenye kiasi chote cha fedha, uuweke kando ya ule wa sasa. Cha kwanza kukitazama ni didaktibo, yaani kile kiasi unachobeba wewe kabla kampuni haijatoa chochote. Huku kwetu mara nyingi ziko mbili. Ya moto, wizi au bomba kupasuka inaweza kuandikwa wazi, tuseme dola 2,500. Ya upepo na mvua ya mawe huandikwa kwa asilimia, 1 au 2, na watu wengi wanaposoma 2% hudhani ni asilimia mbili ya hasara. Sivyo. Ni asilimia mbili ya kiasi chote ambacho nyumba imekatiwa bima.

Chukulia nyumba imekatiwa 300,000. Asilimia mbili ni 6,000, na hiyo inatoka mfukoni mwako. Mvua ya mawe imeharibu paa, na kulibadilisha ni 14,000. Mkataba unaolipa gharama ya paa jipya utakupa 8,000, tena kwa awamu mbili: hundi ya kwanza ikiwa imekatwa uchakavu, ya pili ukishaonyesha risiti za fundi. Mkataba unaolipa thamani ya paa lilivyo leo, na paa limeshakula nusu ya umri wake, utalihesabu kuwa 7,000. Toa 6,000. Unapewa 1,000 kwa paa la 14,000. Bima ya bei rahisi mara nyingi imepunguzwa bei hapo hapo, na hakuna atakayekwambia usipouliza.

Halafu usishangae kuona kiasi cha bima ni kidogo kuliko bei mliyonunulia. Bima ni ya kujenga upya, kiwanja hakiungui. Kiasi hicho cha nyumba ndicho kinachozaa vingine: banda na uzio mara nyingi asilimia 10 yake, vyombo na nguo asilimia 50 hadi 70, na fungu la kuishi kwingine nyumba ikiwa haikaliki. Fungu la kumlipa mtu aliyeumia kwenu huwekwa peke yake. Wengi wameachiwa 100,000, ongezeni hadi 300,000. Ni dola chache kwa mwaka, na mtoto wa jirani akivunjika mguu kwenye ngazi zako utashukuru.

Kuna jambo linalonikaa moyoni, nitalisema taratibu. Bima ya nyumba hailipi mafuriko. Haijalishi umelipa miaka mingapi, haijalishi wakala alisema una ulinzi kamili.

Agosti 2017, kimbunga Harvey, nyumba yetu haikuwa kwenye eneo la hatari kwenye ramani, hivyo benki haikututaka tukate bima ya mafuriko, na sisi hatukuikata. Saa tisa usiku niliteremsha mguu kitandani nikakanyaga zulia limelowa. Mlango ulikuwa umefungwa na taulo nimeziba chini, lakini maji yalikuwa yanapanda kutoka kwenye kona za ukuta, kimya kabisa. Tulipandisha watoto juu, tukapandisha unga na mchele, tukasahau droo ya chini ya kabati, na humo ndimo kulikuwa na vyeti vyetu vyote na mkataba wenyewe wa bima. Kulipokucha maji yalikuwa rafu ya pili.

Mtathmini wa kampuni alikuja, akapima kwa futi ule mstari wa tope ukutani, mpole tu, hakuwa na ubaya. Barua ikaja: maji yaliyopanda kutoka ardhini ni mafuriko, mkataba hauyalipi. Tulikuwa tumelipa miaka sita bila kuruka mwezi. Nyumba ile ilisimama tena kwa akiba yetu na kwa michango yenu humu, na sijasahau mtu hata mmoja. Hatukuwa peke yetu, nyumba nyingi zilizozama Houston mwaka ule zilikuwa nje ya eneo la hatari vilevile.

Ndiyo maana nasema, ongeza bima ya mafuriko. Iko ya mpango wa serikali kuu, ulioanzishwa 1968, unaosimamiwa na FEMA, shirika la serikali hiyo la mambo ya maafa, na mawakala wengi wa kawaida wanaiuza. Nyumba inalipiwa hadi 250,000, vitu vya ndani hadi 100,000, lakini vya ndani unavikatia kando, usidhani vimo. Hailipi hoteli. Na ukinunua leo huanza baada ya siku 30, isipokuwa kama inakwenda pamoja na kusaini mkopo wa nyumba. Ukingoja utabiri wa kimbunga umechelewa. Kampuni binafsi nazo zinayo, linganisha.

Ukiamua kuhama, usiache hata siku moja katikati. Mpya ianze ndipo ya zamani ikatishwe, na benki ipewe karatasi. Benki ikiona huna bima itakukatia yake, ghali sana, na hiyo inalinda mkopo wao, siyo vitanda vyako.

Kutoka: Sugar Land, Texas

Assalaam alaykum jamaa. Dada wa Katy, shukran sana, nimesoma mpaka nikalia. Pole tena.

Nina mawili. Dhahabu zangu za harusi na za marehemu mama nimekuja nazo kutoka Mombasa, nyingine mume wangu alininunulia Dubai. Wakala aliniambia vitu vya ndani nimekatiwa 150,000, basi nikatulia. Ni sawa? La pili, napika mahamri, sambusa na biriani za shughuli hapa nyumbani, kila wikendi watu wanakuja kuchukua oda.

Kutoka: Katy, Texas

Waalaykum salaam dadangu. Usitulie bado.

Kwenye fungu la vitu vya ndani kuna vikomo vidogo vidogo. Vito vikiibwa mikataba mingi inakomea kama dola 1,500, vyote pamoja, hata kama fungu zima ni 150,000. Dhahabu ya namna hiyo inaorodheshwa kipande kwa kipande kwa nyongeza yake. Peleka kwa sonara akupe karatasi ya uzito, karati na thamani, na kila kipande kipige picha kikiwa kwenye mizani. Risiti ya Dubai kama unayo iweke pamoja. Ukishaorodhesha, hata pete ikipotea tu mara nyingi inalipwa, wakati mkataba wa kawaida hauhesabu kupotea.

Biriani ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mkataba wa nyumba haubebi biashara. Mteja akiteleza jikoni kwako au watu wakiugua shughulini, kampuni inaweza kukataa, na masufuria yako makubwa na majiko pia yana kikomo kidogo. Mwambie wakala ukweli, uulize nyongeza ya biashara ya nyumbani au bima ya biashara yenyewe. Wanaosuka nywele nyumbani na wanaolea watoto wa watu, neno hili ni lenu pia.

Na mnaokwenda nyumbani Desemba mkakaa miezi miwili, ulizeni kabla ya kuondoka mkataba unasemaje kuhusu nyumba kubaki tupu. Funga maji kwenye koki kuu. Mwachie mtu ufunguo.

Kutoka: Columbus, Ohio

Habari za jioni. Naongeza mawili, maana wengi humu bado tunapanga.

Bima ya mwenye nyumba inalinda jengo lake. Televisheni yako, vitanda, nguo za watoto, hivyo ni vyako kuvilinda. Ya mpangaji mimi nalipa dola 17 kwa mwezi. Jirani yangu wa juu aliacha bafu likafurika, dari yangu ikavimba kama tumbo la ng'ombe kisha ikaanguka kwenye kochi. Hoteli siku tisa na kochi vililipwa. Waliokuwa hawana wamelala kwa jamaa.

La pili, kabla ya kudai fikirieni. Madai huingia kwenye kumbukumbu ambayo kampuni nyingine zinaiona kwa miaka 7. Hasara ni 2,800 na didaktibo ni 2,500? Mia tatu hiyo itakurudia kwenye bei. Mimi ningelipa mwenyewe. Alama za krediti, yaani zile za jinsi unavyolipa madeni yako, nazo zinapandisha au kushusha bei kwenye majimbo mengi, ingawa California, Maryland na Massachusetts wamekataza zisitumike kwenye bima ya nyumba.

Kutoka: Katy, Texas

Kaka wa Columbus amesema vizuri. Naongeza kidogo kuhusu maji, kwa sababu ndiyo yanayotupata zaidi. Kinacholipwa ni cha ghafla. Tangi la maji moto la rafiki yangu, lile linalowekwa darini, lilipasuka mchana akiwa kazini. Dari, zulia na ukuta walimlipa. Tangi lenyewe hapana, lilikuwa limeliwa na kutu, na uchakavu ni juu ya mwenye nyumba. Bomba linalovuja kidogo kidogo miezi sita mpaka kuvu ikaota, hilo nalo wanakataa. Maji taka yakirudi kupitia bafuni yanahitaji nyongeza yake, ulizeni kwa jina hilo hilo. Mchwa hawalipwi. Msingi uliopasuka kwa sababu udongo wetu wa mfinyanzi unavimba na kusinyaa, kwa kawaida haulipwi.

Na baada ya mvua ya mawe watagonga vijana wa mapaa, wakwambie "didaktibo tutakusamehe." Kataa. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamkataza mkandarasi kukufutia didaktibo, na kampuni ina haki ya kudai uthibitisho kwamba umeilipa. Mkiwa na mkopo, hundi kubwa huandikwa jina lenu na la benki, kwa hiyo piga simu benki mapema wakueleze wanavyoisaini, fundi asije akakugeuka katikati ya kazi. Kampuni ikizungusha dai bila majibu, Idara ya Bima ya Texas inapokea malalamiko bure.

Kutoka: Spring, Texas

Dada, shikamoo tena, na asanteni wote.

Tuliweka kurasa mbili mezani kama ulivyosema. Ya 2,300: upepo na mvua ya mawe 2%, paa kwa thamani lilivyo leo, fungu la mtu kuumia 100,000. Tuliyonayo: 1%, paa jipya kwa jipya, 300,000. Paa letu lina miaka 11. Tumebaki tulipo. Tumepandisha didaktibo ya mambo mengine kutoka 1,000 hadi 2,500, tumepeleka picha za kengele ya wezi na ya moshi, bima imeshuka hadi 3,190. Pengo la eskro tumelipa nusu, nusu wataigawa.

Mafuriko tumekata leo, Aprili 14, nyumba na vya ndani. Wakala amesema itaanza Mei 14, na msimu wa vimbunga unafungua Juni 1.

Kutoka: Katy, Texas

Alhamdulillah. Karatasi hiyo ipige picha sasa hivi, mtumie mkeo, na mtumie na mtu mmoja aliye nje ya Texas. Nakala ya karatasi weka rafu ya juu.