Mama alipewa iodini nyingi kuliko mimi, mbona masharti yake ni mafupi?

Binti Mkubwa: Ndugu zangu, nawasalimu. Mama yangu aliondolewa tezi ya shingo kwa sababu ya saratani, kisha akanyweshwa iodini 131, yaani iodini yenye mionzi, kiasi cha milikyuri 100 (milikyuri ni kipimo cha nguvu ya mionzi). Alitengwa wodini kwa siku mbili, akapimwa mionzi kwa umbali wa mita moja, akaruhusiwa kurudi nyumbani na kuelezwa akae mbali na watoto kwa wiki moja. Mimi miaka 4 iliyopita nilipewa milikyuri 15 tu, kwa kuwa tezi yangu ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi, nikakatazwa kumpakata mwanangu kwa wiki 3. Mjukuu wa mama wa miaka 2 hulala naye kitanda kimoja. Je, kuna hesabu iliyokosewa?

Mhudumu wa Nyuklia: Pole kwa kuuguza, dada. Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa. Iodini 131 hupungua nusu kila baada ya siku 8 hivi, hata ikiwa imefungwa chupani, lakini mwilini hutolewa pia na figo. Mama hana tezi. Iodini haina pa kujishikiza ila kwenye mabaki machache, kwa hiyo sehemu kubwa hutoka na mkojo mapema. Tuchukulie kwamba mwilini mwake inapungua nusu kila saa 16: baada ya saa 48 itakuwa imebaki sehemu moja ya nane, yaani milikyuri 12 na nusu, nayo inaendelea kushuka kwa kasi hiyohiyo. Wewe tezi ulikuwa nayo, tena yenye uchu wa iodini, na ile iliyonaswa humo huweza kuchukua siku 5 au zaidi kupungua nusu.

Ninalotaka uliulize ni figo. Mgonjwa aliyesimamishiwa vidonge vya thairoksini (homoni ya tezi) kwa wiki kadhaa kabla ya dozi huchuja polepole kuliko aliyedungwa sindano za TSH (homoni ya kuchochea tezi, ambazo humwezesha kuendelea na vidonge), na mwenye ugonjwa wa figo huchelewa zaidi. Kuhusu kitanda, sikubaliani nacho hata kidogo: usiku ni saa nyingi za kugusana, ilhali umbali ukiongezeka mara mbili, mionzi inayomfikia mtoto hushuka hadi kama robo.

Nilipona Kibaha: Naongezea kwa uzoefu wangu kwamba maji ni muhimu, mradi daktari hajamwekea kiwango, na asibane mkojo. Mimi nilipata choo kigumu nikanyamaza kwa aibu, kumbe iodini hupitia utumbo pia na ningepewa dawa ya kulainisha. Amwage maji chooni mara mbili, hasa kama choo ni cha wapangaji wote.

Binti Mkubwa: Nawashukuru sana. Vidonge alisimamishwa wiki 4, na shinikizo la damu, ambalo huweza kudhuru figo, analo tangu zamani, kwa hiyo asubuhi nitapiga simu wodini niulize majibu ya figo zake. Karatasi aliyopewa haitaji kitanda popote. Mtoto nimeshamhamishia chumbani kwangu.