Fainali za DCI Indianapolis: tukae wapi, tuangalie nini, na alama zinapatikanaje?

Baba_Louisville

Wakuu, habari za saa hizi. Mwezi wa nane tunataka kutoka hapa Louisville kwenda Indianapolis kuangalia vikosi vya ngoma na tarumbeta, yale mashindano ya DCI (Drum Corps International, chama cha vikosi hivyo) pale Lucas Oil Stadium. Ni watu wazima wawili na mtoto wa miaka 8. Bajeti inaruhusu siku moja tu kati ya Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Muziki wa matarumbeta tunaufahamu, ila huku kuandamana uwanjani huku wanapiga ndiko kugeni kwetu. Tuchague siku ipi, tukae kimo gani, na mtu asiyezoea aelekeze macho wapi? Kwenye video naona watu zaidi ya mia na nusu wanakimbia kila upande kwa wakati mmoja. Halafu zile alama za desimali tatu zinatoka wapi? Natanguliza shukrani.

TubaNzito

Karibu sana mkuu. Nianze na viti, maana hapo ndipo wageni wengi wanapopoteza hela. Kwenye mpira kiti cha chini karibu na mstari ndicho cha fahari. Huku ni kinyume chake. Michoro ya uwanjani imebuniwa isomwe kutoka juu, katikati, upande wa mbele. Ukikaa safu kumi za chini, duara utaliona kama mstari, na mistari mitatu inayopishana utaiona kama msongamano wa miguu. Tena mbele yako kabisa kuna piti, yaani marimba, vibrafoni, timpani na sintesaiza ambazo hazitembei, pamoja na spika zake. Ukiwa chini, spika hizo zinafunika tarumbeta zilizo nyuma.

Tafuta ngazi ya kati, baina ya yadi 35 ya kushoto na yadi 35 ya kulia. Ngazi ya juu kabisa mchoro unaonekana vizuri mno, na kwa bei nafuu, lakini uwanja ule una paa: sauti inagonga kuta na kurudi, na huko juu pigo moja la snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, unaweza kulisikia mara mbili. Upande wa nyuma usinunue hata wakikuuzia bei ya bure. Shaba, yaani tarumbeta na ndugu zake, karibu zote zinaelekezwa mbele, kwa hiyo nyuma utapata ngoma nyingi na muziki kidogo.

Kuhusu siku, mimi nasema Alhamisi. Ndiyo siku ya mchujo, unaona vikosi vya daraja la juu na la pili, kuanzia asubuhi hadi usiku. Ijumaa vinabaki 25, Jumamosi 12 tu. Alhamisi watu ni wachache, viti vizuri vinapatikana, na utaona vikosi vidogo vyenye ubunifu ambavyo Jumamosi havitakuwepo.

MamaPiti

Kwa heshima zote TubaNzito, mtoto wa miaka 8 hawezi kukaa kitini kutwa nzima. Nisingempeleka Alhamisi asubuhi kamwe.

Baba_Louisville, Jumamosi ni vikosi 12. Kila kimoja kina onyesho la kama dakika 11, na ukichanganya na kuingiza na kutoa vifaa, hesabu dakika 17 hivi kwa kikosi. Pamoja na mapumziko na kutangaza matokeo ni zaidi ya saa nne, na hizo mtoto anaziweza akiwa amelala mchana. Na kiwango cha Jumamosi hakilingani na siku nyingine yoyote: wamefanya onyesho hilohilo kiangazi chote, kila siku wakirekebisha, na wengine ndiyo mara yao ya mwisho kwa sababu umri wao unaishia hapo. Hakuna mtu mzima anayelipwa pale uwanjani. Ni vijana, wengi wao kati ya miaka 16 na 22.

Tena ubingwa unaamuliwa na alama za Jumamosi peke yake. Tuzo za vipengele, kama ya shaba bora au ngoma bora, ndizo zinazotumia wastani wa siku zote tatu. Kwa hiyo usishangae kikosi kikichukua tuzo ya ngoma na kumaliza wa nne.

Kama hela haitoshi kwa Jumamosi, basi chukua Alhamisi lakini ingieni saa 10 jioni. Kwa kawaida ratiba hupangwa kutoka walio chini kwenda walio juu, kwa hiyo wale wakubwa kama Blue Devils, Bluecoats, Carolina Crown na Boston Crusaders utawakuta usiku.

Jaji_wa_Jukwaani

Swali la alama limerukwa, ngoja nilijibu.

Jumla ni 100. Athari ya jumla, yaani jinsi onyesho zima linavyomgusa mtazamaji, ina 40, muziki 30, mwonekano 30. Athari ya jumla ni majaji wawili, kila mmoja 20, na alama zao zinaingia zote bila kugawanywa. Muziki una shaba 20, ngoma na piti 20, na uchambuzi wa muziki 20; unajumlisha na kugawa kwa mbili. Mwonekano ni hivyohivyo: utekelezaji wa mwendo 20, uchambuzi wa mwonekano 20, na kala gadi 20, yaani wale wa bendera, bunduki za mbao na panga.

Mfano wa kubuni. Athari ya jumla 18.8 na 18.7, jumla 37.5. Shaba 18.6, uchambuzi 18.4, ngoma 18.1, jumla 55.1, nusu yake 27.55. Mwendo 18.5, uchambuzi 18.3, kala gadi 18.6, jumla 55.4, nusu yake 27.70. Ukijumlisha zote unapata 92.75. Kwenye mashindano makubwa majaji huongezwa na alama zao kutafutiwa wastani, na ndipo desimali ya tatu inapozaliwa.

Angalia maana yake: sehemu moja ya kumi ya alama kwenye athari ya jumla inabaki sehemu ya kumi, ila kwenye shaba inashuka kuwa 0.05. Ndiyo maana kikosi kinachopiga kwa usafi kuliko wote kinaweza kushindwa na kile kinachoinua uwanja mzima. Wageni hulalamika sana hapo, lakini sheria ndivyo ilivyo, na mimi naiona ni ya haki, kwa sababu onyesho ni la watazamaji pia.

Jambo jingine. Mtu akidondosha bunduki, usihesabu kwamba wameshapoteza. Hadi 1983 kila kosa lilikatwa sehemu ya kumi papo hapo. Kuanzia 1984 mfumo huo uliondolewa. Sasa jaji anapima vitu viwili kwa pamoja, ugumu wa walichopewa na ubora wa walivyokitenda, huku akirekodi maoni yake kwa sauti. Anasikiliza kosa limetokea mara ngapi, kwa watu wangapi, na wamerudi haraka kiasi gani. Makato ya moja kwa moja yamebaki kwa mambo kama kupitiliza muda.

Tofauti zenyewe huwa nyembamba. Mwaka 2008 Phantom Regiment walichukua ubingwa kwa 98.125, Blue Devils wakabaki na 98.100. Alama ya juu kuliko zote ni ya Blue Devils, 99.650, mwaka 2014.

MpigaSnea

Sasa macho na masikio. Usijaribu kuangalia kila kitu. Chagua kitu kimoja kwa kila kikosi, na kwa kikosi cha kwanza usichague chochote, acha macho yapate picha nzima.

Kitu cha kwanza kinachofaa kufuatwa ni nafasi kati ya mtu na mtu, wala si mtu mwenyewe. Hatua yao ya kawaida ni nane kwa yadi tano, yaani kama sentimita 57 kila hatua. Kwenye mstari wa mshazari au tao, mmoja akifupisha hatua kidogo tu, tundu linaonekana kutoka juu. Makosa mengi utayaona pale mchoro unapobadilika mwelekeo, kwa sababu wa nje ya tao anakimbia na wa ndani anakanyaga karibu palepale. Angalia pia mabega: miguu inakwenda kushoto, kifua na tarumbeta zinabaki zimeelekea mbele. Aliyechoka anaanza kugeuka kiunoni.

Cha pili, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, ni ulinganifu wa sauti. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kutoka mstari wa nyuma hadi wa mbele ni yadi 53 na theluthi, karibu mita 49. Kwa hiyo snea aliye nyuma kabisa akigonga, mlio unafika mbele baada ya sekunde 0.14. Wimbo ukiwa na mapigo 180 kwa dakika, pigo moja ni theluthi ya sekunde. Yaani umechelewa karibu nusu pigo! Wote wakifuata mikono ya mwongozaji, kwako utasikia vurugu tupu.

Wanavyotatua ni hivi. Ngoma zilizo nyuma ndizo zenye saa. Mwongozaji mara nyingi hulinganisha mikono yake na miguu ya snea wa katikati, kwa macho, kwa sababu akifuata sikio ameshachelewa. Piti walio mbele hawafuati mikono, wanasikiliza nyuma na kuweka mlio wao juu ya ule unaowafikia. Ngoma zikihama haraka kutoka nyuma kwenda pembeni, hesabu yote inabadilika ndani ya sekunde chache, na hapo ndipo utasikia marimba zimetangulia na snea inafuata. Kikosi kizuri kinajirudi ndani ya kipimo kimoja au viwili vya muziki, yaani mapigo machache tu. Kisicho na mazoezi kinaburuzana mpaka sehemu nyingine ianze.

Cha tatu ni mwisho wa noti. Watu husikiliza mshindo mkubwa, lakini sikiliza kinachofuata wote wanaponyamaza. Kama walikuwa wamelingana, uwanja ule wenye paa unabaki unavuma sauti moja nene. Kama hawakulingana, unasikia mkwaruzo.

TubaNzito

Niongeze kwenye hilo la kulingana. Agosti wanapasha, yaani wanapiga kidogo kujiandaa, nje kwenye joto kali, kisha wanaingia ndani penye kiyoyozi. Shaba ikipoa, sauti inashuka, kwa hiyo dakika mbili za mwanzo masikio yanafanya kazi kubwa kurekebisha. Viwanja vya wazi, kama kule Allentown, tatizo hilo halipo, lakini kuna mvua: mbao za marimba na vifaa vya umeme haviwezi kulowa, na radi ikikaribia kila kitu kinasimama.

Na spika: vikuza sauti viliruhusiwa tangu msimu wa 2004, sintesaiza tangu 2009. Fundi wa sauti akizidisha besi ya sintesaiza, tuba zinapotea kabisa. Hilo mimi nalihesabu ni kosa la kikosi, hata kama ukumbi mzima umetetemeka.

BintiMvita

Kwa sisi watu wa Pwani, fikra yenyewe si ngeni. Beni za Mombasa, Kingi na Skochi, zilishindana kwa tarumbeta, ngoma, sare na gwaride zama za mkoloni, na Dar kulikuwa na Marini na Arinoti. Vikosi vya Marekani navyo vilikua kwenye vyama vya askari waliotoka Vita Kuu ya Kwanza. Pande zote mbili mzizi ni bendi ya jeshi. Tofauti ni kwamba kule hakuna anayejiunga kucheza, unakaa unatazama. Lakini kushangilia katikati ya onyesho kunaruhusiwa, tena wanakutaka ufanye hivyo.

Baba_Louisville

Nashukuru sana, tumeamua Jumamosi. Maswali mawili ya mwisho: kelele kwa mtoto, na hii habari ya kuwatazama wakipasha nje.

MamaPiti

Mtoto mnunulie vifuniko vya masikio vya kubana kichwani, vile vya mafundi, vya saizi yake. Vile vya povu vya kuchomeka huwa vinamtoka kila akitafuna. Wapiga shaba ni kati ya 70 na 80, na wakigeuka mbele kwa pamoja hata ngazi ya kati inakufikia kifuani. Nyie wakubwa bebeni vya povu, mvitumie mkikaa karibu na ngoma nje.

Kupasha nje ni bure na ni nusu ya raha ya siku. Fikeni saa moja na nusu kabla ya zamu ya kikosi mnachokitaka. Ngoma, shaba na piti hupasha sehemu tofauti, kwa hiyo amueni mapema. Simameni hatua kadhaa nyuma ya mwalimu, msiingie kati yake na mstari. Wakiacha kupiga na kuanza kusogea, pisheni mara moja: wanatembea kwa mstari kuelekea langoni na hawakwepi mtu. Kabla ya kuingia, kumbukeni mkoba ni wa plastiki unaoonyesha ndani, usiozidi sentimita 30 kwa 15 kwa 30 hivi. Mkipitwa na muda, subirini mlangoni kikosi kimalize ndipo mwende vitini. Kurekodi video ndani ni marufuku kwa sababu ya haki za muziki.

Msomaji_Muscat

Na sisi tulio mbali tunaotazama kwa intaneti tuamke saa ngapi?

MpigaSnea

Mwezi wa nane Afrika Mashariki iko mbele ya Indianapolis kwa saa 7, Muscat kwa saa 8. Saa 2 usiku ya kule ni saa 9 usiku Dar na Nairobi, na saa 10 alfajiri kwako, tayari siku ya Jumapili. Ukipewa uchaguzi wa kamera, tazama kwanza ile ya juu isiyohama, kisha rudia ile inayokaribia nyuso. Kwa vipaza sauti vya simu tuba hazisikiki, vaa hedifoni.