Kulipa lote, kulipa kwa mapatano au kusubiri miaka 6: kipi kinafaa kabla ya kuomba mkopo wa nyumba Uingereza?

Mpangaji (mleta mada)
Ndugu wanajukwaa, ninaishi Uingereza na ninakusudia kuomba mkopo wa nyumba mwakani. Kumbukumbu zangu za mikopo zina madeni mawili yenye alama ya kushindwa kulipa, yote ya miaka minne hivi iliyopita, na sasa yamo mikononi mwa kampuni ya kukusanya madeni ambayo iko tayari kupokea pungufu. Je, nilipe yote, nilipe hicho kiasi pungufu, au niyaache yafutike yenyewe na fedha niziongeze kwenye kianzio, yaani sehemu ya bei ya nyumba nitakayotoa mwenyewe?

Kisima
Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosea. Alama hiyo hukaa miaka 6 tangu tarehe iliposajiliwa, uwe umelipa au hujalipa. Kinachobadilika ni maelezo yake: ukimaliza lote huandikwa kwamba deni limelipwa, ukilipa pungufu huandikwa kwamba limelipwa kwa sehemu, na anayepitia ombi lako huiona tofauti hiyo. Wapo wakopeshaji wasiogusa kabisa ombi lenye deni lililo wazi, hata likiwa dogo, kwa hiyo kwa mtu anayetaka nyumba mwakani, mimi naliweka chaguo la kusubiri mwisho kabisa.

Mzani
Kuhusu tarehe sina ubishi, ila sikubali kwamba kulipa lote hushinda daima. Ukubwa wa kianzio una uzito mkubwa katika riba utakayopewa. Anayetoka kianzio cha asilimia 5 ya bei kufikia 10 kwa kawaida hupata wakopeshaji wengi zaidi na riba nafuu zaidi. Punguzo likiwa kubwa, mapatano yatakuachia fedha za kianzio, na maneno "kwa sehemu" yataondoka pamoja na alama yenyewe miaka 6 itakapotimia, jambo ambalo kwako si mbali. Usisahau pia kadi ya mkopo unayoitumia sasa, kama unayo: salio lake hupunguza kiasi ambacho mkopeshaji ataona unakimudu kila mwezi, na kulilipa huonekana haraka kuliko kulipa deni la zamani.

Shahidi
Kusubiri kuna hatari ambayo haijatajwa. Deni likifutika katika kumbukumbu halijafutika kwa mdai, naye anaweza kwenda mahakamani kabla ya muda wa kisheria kuisha, ambao England na Wales kwa madeni mengi ya namna hii ni miaka 6. Hukumu ikitolewa, nayo husajiliwa kwa miaka 6 mipya, isipokuwa ukiilipa yote ndani ya mwezi mmoja. Tena, kulipa sehemu ya deni au kulikiri kwa maandishi kabla muda huo haujaisha huuanzisha upya, lakini hakuigusi miaka 6 ya kumbukumbu. Ni hesabu mbili tofauti, na watu huzichanganya mno.

Mpangaji
Nashukuru sana. Nimepitia ripoti tena na kuona kwamba deni moja limepewa tarehe mpya, ya mwezi ule kampuni ilipolinunua. Je, hiyo ni sawa?

Kisima
Si sawa hata kidogo. Deni likiuzwa, tarehe ya awali huhama nalo. Vinginevyo alama ingekaa miaka mingi kuliko inavyoruhusiwa. Omba ripoti za Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, ambazo kisheria unapewa bure, kwa kuwa mkopeshaji huenda asiangalie ile unayoitazama wewe, kisha wasilisha pingamizi kwa maandishi kabla ya kujadili malipo yoyote. Ukichagua mapatano, barua yao itamke wazi kwamba salio halitadaiwa wala kuuzwa kwa mwingine. Ukishalipa, subiri mwezi mmoja au miwili ndipo uombe, kwa maana wadai wengi hupeleka taarifa mara moja kwa mwezi.